Mchuzi Usiotiwa Tui

Juzi umeme ulikatika hapa Mapinga ninakoishi, nami nikaitoa kabatini taa ya utambi ambayo watoto wangu huiona kama pambo. Nilikuwa nimetoka kumenya thomu, yaani kitunguu saumu, kwa ajili ya mchuzi wa usiku. Harufu ya mafuta ya taa ilipopanda na kukutana na ile ya thomu vidoleni mwangu, nilisimama kwa muda na kiberiti mkononi. Harufu hizo mbili zikiwa pamoja si harufu za jikoni kwangu. Ni harufu ya jokofu la nyumbani kwetu Bagamoyo, katika miaka ya sabini, nilipokuwa binti wa shule ya msingi.

Huenda ukashangaa kusikia jokofu likinuka mafuta ya taa. La kwetu liliendeshwa na utambi. Chini yake palikuwa na tangi dogo na moto wa rangi ya buluu, na jambo ambalo baba yangu hakuwahi kufanikiwa kunieleza, ingawa alijaribu, ni namna moto ule ulivyozaa barafu. Alilinunua kwa daktari mgeni aliyekuwa akirejea kwao, kwa nia ya kupata maji baridi ya kufuturia. Lilisimama ukumbini, jeupe na kimya. Utambi usipokatwa vizuri lilitoa moshi uliopaka masizi ukutani, na Bibi, mama yake Baba, ambaye tuliishi naye, hakuwahi kuliita kwa jina jingine ila "hilo jiko lenu la baridi." Ndani, upande wa juu, mlikuwa na kisanduku cha barafu chenye kimlango chake. Ni kisanduku hicho kilichomwezesha mama yangu kufanya kazi.

Mama alikuwa amesoma hadi darasa la nane, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanawake wa rika lake mjini kwetu. Kisomo cha watu wazima kilipofika mtaani, aliombwa awafundishe wanawake kusoma na kuandika, Jumatatu hadi Alhamisi, tangu alasiri hadi karibu na magharibi. Baba alikuwa karani wa forodha, mtu mpole asiyependa kukata neno mbele ya mama yake. Alisema yeye hana pingamizi ikiwa Bibi hana. Tukakaa ukumbini kumngoja Bibi amalize kutafuna tambuu yake. Alipomaliza akasema, "Aende. Lakini mwanangu asile kiporo."

"Hatakula, mama," Mama akajibu.

Kwa asiyelelewa pwani, sharti hilo linaweza kuonekana dogo. Kiporo ni chakula kilicholala. Asubuhi hakina aibu yoyote. Wali wa jana uliopashwa moto na kuliwa kwa chai tulikuwa tukiugombania. Usiku, mbele ya mwanamume aliyetoka kazini, kiporo ni kitu kingine kabisa. Kinasema kwamba mke hakumngojea mumewe. Kinamsema na mama wa mwanamume huyo, kwa kuwa yumo nyumbani, anaona, na amenyamaza. Kwa hiyo darasa zima la Mama lilisimama juu ya neno moja. Siku ambayo Baba angelishwa kiporo ndiyo siku ambayo Mama angerudi kukaa nyumbani, na hapakuwa na mtu ambaye angemtetea, kwa sababu alikuwa ameahidi mbele yetu sote.

Tatizo lilikuwa wazi. Darasa lilimtoa nyumbani saa zile zile za kupika. Maharage hayaivi kwa kutazamwa, na nyama yetu ya wakati ule ilitaka kuchemshwa mchana kutwa, maana ng'ombe waliofika buchani walikuwa wamekwisha kutembea sana duniani. Jumapili moja Mama aliniita uani. Alikuwa akitwanga thomu na tangawizi, naye aliendelea kutwanga huku akiniuliza.

"Rukia, mchuzi usiotiwa tui ni nini?"

Nilifikiri. "Ni mchuzi mbaya."

"Si mchuzi kabisa. Bado haujawa chakula. Sasa kitu ambacho hakijawa chakula kitakuwaje kiporo?"

Niliona hoja ile haina mwanya. Baadaye nilisoma mantiki chuo kikuu, na bado mwanya wenyewe siuoni vizuri.

Tangu siku hiyo Jumapili zetu zikawa za kupika. Vitunguu vilikaangwa hadi vikawa vya kahawia, nyanya zikafuata na kukorogwa mpaka mafuta yakaelea juu, kisha thomu, tangawizi na bizari. Harufu ilishika nguo zilizoanikwa kwenye kamba, na Jumatatu nilikwenda shule nikinuka mchuzi. Nyama iliyochemshwa hadi kulainika iliingia sufuria moja, maharage sufuria nyingine. Hakuna kilichotiwa nazi. Vilipopoa, Mama alivigawa katika makopo ya maziwa ya unga, akayafunika, akayapanga ndani ya kisanduku cha barafu kwa uangalifu wa mtu anayefunga nguo za safari. Nilikatazwa kufungua jokofu bila sababu, na kila sababu niliyokuwa nayo ilionekana si sababu.

Kazi yangu ilikuwa ya jioni. Nilipotoka chuoni kusoma Kurani, nilitoa kopo na kulitia ndani ya karai la maji. Niliwasha mkaa. Kisha nilikaa juu ya mbuzi nikaanza kukuna nazi, nayo meno yake ya chuma yalitoa mlio uliosikika hadi kwa majirani, kiasi kwamba hapana aliyeweza kusema kwetu hakupikwi. Chicha niliikamua kwa kifumbu. Tui zito la kwanza nililiweka pembeni ndani ya bakuli, na kwa tui jepesi nikauchemsha mchuzi. Hapo mamlaka yangu yalikoma. Tui zito alilitia Mama mwenyewe aliporudi, kabla hata ya kuvua buibui, akikoroga taratibu bila kupumzisha mkono ili lisikatike. Baba alipotoka msikitini baada ya isha, alikula chakula kilichomaliziwa jioni ile ile na mkono wa mkewe.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa maji. Maji ya kunywa ya Baba yalikaa katika jokofu hilo hilo, jirani na makopo, na baada ya wiki chache yalikuwa na thomu waziwazi. Baba alikunywa bilauri nzima, akasema "Alhamdulillahi," akaiweka chini. Ni mara moja tu aliposema, "Maji ya nyumba hii yanashibisha." Mama aliinama akaanza kuokota punje za wali mkekani, punje ambazo mimi sikuziona.

Bibi alikaa uani kila jioni akinitazama. Hakuligusa jokofu, alidai baridi yake inamwingia mifupani. Hakuuliza ni lini nyama ile ilikuwa imelainika.

Ndipo Jumatano moja akaja Bi Tatu kutoka Pangani, bila taarifa. Alikuwa dada wa marehemu babu yangu, kwa hiyo wifi yake Bibi. Basi lilikuwa limemshusha Msata, akapata lori la kumleta mjini, naye alifika na vumbi hadi kwenye nyusi na kiu kubwa. Wawili hao walikuwa wakitaniana tangu ujana wao, na ndani ya utani ule mlikuwa na mambo ambayo hayakuwa utani.

"Wifi, mbona nyumba inanuka kama duka la mafuta?"

"Ni pua yako, wifi. Imezoea kunusa nyumba za watu."

"Na mkwe yuko wapi jioni hii?"

"Anasomesha."

"Anasomesha," Bi Tatu akarudia, kama aliyeonjeshwa kitu asichokijua. "Na mtoto wa kaka yangu anapikiwa na nani?"

"Anapikiwa na mkewe. Rukia, mpe bibi yako maji."

Mikono yangu ilikuwa imejaa chicha. Mchuzi wa nyama ulikuwa ukichemka jikoni na tui zito limo bakulini, likimngoja Mama. Kabla sijanawa, Bi Tatu alikwisha kuingia ukumbini kujichotea mwenyewe. Nilisikia mlango wa jokofu ukifunguliwa. Kisha nikasikia kimlango cha kisanduku cha barafu, ambacho kilikuwa na mlio wake peke yake. Alitoka na bilauri mkono mmoja na kopo mkono wa pili. Yalikuwa maharage ya Alhamisi, yameganda kama jiwe.

"Wifi," alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, "kumbe siku hizi mtoto wa kaka yangu analishwa viporo."

Nilimtazama Bibi. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutamkwa, na lilikuwa lake. Nilijua kwamba alichohitaji kufanya ni kukubali tu, na kesho yake wanawake wa darasani wangemngoja Mama bila kumwona. Jua lilikuwa linazama na Mama hajarudi. Baadaye tulikuja kujua kwamba siku hiyo mkaguzi wa kisomo alikuwa amefika kulikagua darasa.

Bibi alinyanyuka, akalichukua lile kopo mkononi mwa wifi yake, akalichungulia.

"Hiki kimetiwa tui?"

"Nionavyo mimi, hakina."

"Basi si kiporo. Labda kwenu Pangani mnakula bila tui. Huku kisichotiwa tui ni matayarisho, sawa na unga ndani ya debe."

"Kimepikwa, wifi. Kimelala."

"Na mchele nao umelala guniani tangu mavuno. Kunywa maji yako."

Alinipa kopo nikalirudishe. Niliporudi uani alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, mkono ameunyoosha. "Lete bakuli."

"Mama ndiye anayetia," nikasema.

"Na mimi ni mama wa nani?"

Nikampa. Alilimimina tui polepole, akakoroga kwa mwiko hali midomo ameibana, wala halikukatika. Nyuma yetu Bi Tatu alionja maji, akakunja uso. "Haya maji yana thomu."

"Ni dawa ya uchovu wa safari," Bibi akasema bila kugeuka.

Mama aliingia baada ya magharibi, karibu anakimbia, chaki ikiwa bado mikononi. Aliliona bakuli tupu. Akamwona Bibi kwenye kigoda chake, na mgeni kando yake. "Shikamoo, shangazi. Shikamoo, mama." Wakamwitikia marahaba. Hapana aliyemweleza lolote, naye hakuuliza.

Usiku ule tulikula pamoja ukumbini. Baba alipomega tonge la pili akasema, "Mchuzi wa leo una mkono wa zamani."

"Amepika mama yako," Bi Tatu akasema. Kwa macho yake alikuwa ameona mwiko mkononi mwa nani.

Bibi hakukubali wala hakukana. Mama akasema, "Ni kweli, amepika mama," akamwongezea mumewe wali.

Mimi nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Darasa lilikuwa limenusurika. Nilimwona Mama anakula kidogo, nikadhani ni kwa sababu ya kukimbia.

Bi Tatu aliondoka baada ya siku chache, lakini Bibi hakukitoka kigoda. Kila jioni nilipomaliza kukamua, mkono ulinyooshwa nami nikautilia bakuli. Mama hakulazimika tena kukimbia. Alibaki na wanafunzi wake hadi adhana, na miaka mingi ilipita akiwa mwalimu wao. Jumapili aliendelea kununua, kukaanga, kutwanga na kufungasha makopo, na Jumatatu hadi Alhamisi Baba alisifu mkono wa mama yake.

Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kama ushindi wa Bibi dhidi ya wifi yake, na watu walicheka. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba mwanamke aliyepika maisha yake yote hawezi kutazama nyama ngumu ikilainika ndani ya muda wa kukuna nazi moja asijue kitu. Bibi alijua tangu wiki ya kwanza. Angetaka Mama asiende, angesema asiende; yeye alisema mwanangu asile kiporo, akaacha nafasi ambayo mtu mwenye akili angeweza kupita. Labda namsifu kupita kiasi. Labda hakuvumilia tu kushindwa na wifi. Sina njia ya kumuuliza.

Lakini uso wa Mama mbele ya bakuli tupu sikuuelewa hadi nilipoajiriwa Dar es Salaam na kumsikia mwanangu akimwambia mgeni kwamba hapa nyumbani anayejua kupika ni dada wa kazi. Mwisho wa wiki ule nilikwenda Bagamoyo. Mama, mzee sasa, alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nilimuuliza kama ilimuuma, miaka ile yote, kusikia mchuzi wake ukiitwa wa mtu mwingine.

"Iliniuma," alisema bila kuinua macho. "Kila jioni."

Alitoa kijiwe, akakitupa uani.

"Lakini iliniuma nikiwa nimetoka darasani, Rukia. Nisingekwenda, ningeumia nikiwa nimekaa."