Milia ya Miguuni

Siku ambayo haitoki kichwani mwangu, mwanangu, ni ile niliyomhasi punda wa Bibi. Bado sijazeeka, na wewe ndiyo kwanza unaota meno, lakini nakuandikia mapema. Mwanzo huu nimeufuta mara tisa.

Bibi yangu alitoka kwa wafugaji wa tambarare za Hanang, akaolewa huku kwetu mlimani, Masieda. Baba yake alimsindikiza na punda jike mwenye mimba. Punda wetu wote walitokana na huyo: wafupi, rangi ya majivu, mstari mweusi mgongoni ukikatwa na mwingine mabegani kama msalaba, kwato ndogo ngumu, na milia hafifu miguuni. Dume alikuwa amebaki mmoja tu.

Mambo ya mifugo nilijifunza peke yangu, kwenye simu, na nilitaka kila kitu kinyooke. Nikampima dume yule kwa kamba: mfupi kuliko punda wa kwenye picha. Ile milia nikaiona kasoro. Kwetu mnyama aliyekuja na bibi harusi haguswi bila kumuuliza mwenyewe. Nilijua hilo. Lakini Bibi alikuwa Katesh kwa dada yake, nami nilitaka akute kazi imekwisha. Nikamwita mhasi.

Aliporudi nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akamwona dume amesimama kapanua miguu.

"Nani kakutuma?"

"Nilitaka tupate kizazi bora, Bibi. Huyu ana milia."

"Milia ndiyo niliyoagizwa kuitunza. Baba alinionyesha kwa kidole: ukiona miguu hii, ujue huyu ni wa kwetu." Akacheka kidogo, bila furaha. "Hiyo simu yako imewahi kupandisha mahindi mlimani?"

Nikaitia simu mfukoni.

"Basi ifunge matandiko. Kesho itabeba maji."

Tulinunua dume mkubwa mnadani. Watoto wake ni warefu, wanapendeza kwenye picha, na kwato zao hupasuka kwenye mawe ya mteremko wetu. Jike wa mwisho wa Bibi hazai tena. Bibi hakuwahi kunigombeza. Kila nilipotaja punda alinipa mgongo tu, mpaka alipofariki. Sikumwomba radhi. Nilikuwa bado natafuta maneno yasiyo na kosa.

Kwa hiyo nakuasa, mwanangu: kabla hujarekebisha ulichokikuta, muulize aliyekileta, na umsikilize mpaka amalize. Ukikosea, omba radhi siku hiyohiyo, kwa maneno yoyote uliyo nayo, hata yakiwa mabovu.

Yule dume bado yupo zizini. Ukianza kutembea nitakupeleka uishike miguu yake, maana baada yake hakuna mwingine. Mungu akupe hatua zisizoteleza kwenye mteremko huu, na akujalie wakubwa walio hai wakati utakapokuwa na la kuwauliza.