Nyongeza ya Shafti

Kwenye masoko yetu, muuzaji asiyetoa nyongeza hatamaliza mwezi. Ukinunua maharagwe mkebe mmoja wa gorogoro, konzi ya juu ni haki yako. Mimi nilikuwa nakereza vyuma Migori, miaka michache baada ya uhuru, na wateja walinidai nyongeza kama muuza maharagwe.

Mama mmoja mjane alikuja kutoka Homa Bay na shafti ya kisiagi, ule mhimili unaozungusha mashine ya kusaga unga, ameifunga kwa leso. Kisiagi hicho kililisha watoto wake watano. Kutu ilikuwa imetoboa vishimo pale shafti inapozunguka ndani ya bushi, ile pete inayoishikilia, na ng'ambo ya barabara jirani alikuwa amefungua kisiagi kipya. Siku ambayo mashine ya mama ililala, wateja walivuka.

Dawa ya vishimo nilikuwa nayo. Niliipata kwa bwana mmoja tuliyefanya kazi naye karakana ya mgodini. Unachanganya chenga za chuma na unga wa msasa na mafuta kidogo, unazipaka kwenye sumaku iliyotolewa kwa lori bovu. Chenga zinasimama wima kama manyoya ya paka aliyeudhiwa. Shafti ikizunguka kwenye mashine, unaisogeza sumaku, na brashi ile ya chenga inalala juu ya chuma na kukilamba taratibu mpaka kinakuwa laini.

Nilipima unene wa shafti mara mbili, nikailamba kwa ile brashi, nikapima tena mara mbili. Ilikuwa sawa kabisa.

"Mama, imekwisha."

"Imekwisha wapi? Hapa naona weusi."

"Huo weusi hauli chakula."

"Fundi, nimetoka Homa Bay na gari mbili. Hata muuza omena angeniongeza."

"Muuza omena hana sumaku."

"Lakini ana moyo."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Nikaongeza msasa mkali zaidi, nikairudisha shafti, nikailamba mpaka mama akaona kilemba chake ndani yake. Akafurahi. Mimi ninayehesabu chenji mara mbili hata nikipewa na padri, safari hiyo sikupima hata mara moja.

Wiki mbili baadaye aliniita Homa Bay. Nilikuta kisiagi kimezimwa, wanawake wamekaa na madebe ya mahindi, wengine wameshavuka barabara. Nikatoa shafti, nikapima. Nikapima tena. Ile nyongeza yangu ilikuwa imekula hata chuma kisicho na kutu, shafti ikawa nyembamba, ikacheza ndani ya bushi mpaka bushi ikatanuka.

Mzee mmoja kwenye benchi akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, ulimtengenezea shafti ama kijiko cha uji?"

Wakacheka tena, na mimi nikageukia mama.

"Nani anapaka grisi hapa?"

"Ni mimi. Asubuhi na saa nane."

"Haitoshi."

Akaitazama mikono yake. "Pole, fundi. Nimekuharibia kazi."

Alisema hivyo mbele ya wote. Mmoja wa wale wanawake alitingisha kichwa, akajitwika debe lake, akavuka.

Nilikereza shafti mpya na bushi yake kwa siku tatu, nikakataa malipo. Watu wakanisifu kwa huruma. Mama akakamata kuku, akamfunga miguu, akanipa. Nikasema hapana mara moja, vile mtu husema, kisha nikapokea. Siku tatu hizo zilitosha kwa nusu ya wateja wake kuzoea upande wa pili.

Mwaka uliofuata nilipita Homa Bay nikiwa na shughuli nyingine. Nilimkuta ameinama kwenye mashine na mkebe. Alikuwa akipaka grisi mara nne kwa siku, na mteja mmoja alikuwa akinung'unika kwamba unga unanuka mafuta. Mama akajipangusa vidole kwa gunia, akaniuliza kama sasa inatosha.

Nikamwambia inatosha.