Aliyeimba Bila Kuvuta Pumzi

Najua mtasema ni uchovu wa zamu za hospitali. Semeni. Lakini mimi ndiye niliyesimama pale, na akili zangu zilikuwa timamu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa muuguzi, nakaa Ladywood, mtaa wa Birmingham, na kila Jumapili nilitembea hadi mjini kuimba kwenye kwaya ya okestra ya jiji. Kwetu Moshi nilikuwa naimba sauti ya pili kanisani, kwa hiyo walinipokea bila taabu. Tulikuwa tunajiandaa kwa onyesho la kukumbuka historia ya okestra.

Jumapili moja ya majira ya baridi, saa kumi jioni, nje giza lilishaanza kuingia. Joan, mama mtu mzima aliyezoea kusimama kando yangu, alichelewa. Mwisho wa safu yetu, karibu na ukuta, palikuwa na pengo, kama siku zote. Nikasogea hapo ili nimwone vizuri mwongozaji.

Tulipoanza kuimba, nikasikia mtu kushoto kwangu, kati yangu na ukuta. Mwanamke, amevaa koti zito la kijivu. Jamani, ile sauti! Nilitamani ninyamaze nimsikilize. Kisha nikagundua kitu. Sote tulivuta pumzi, yeye hakuvuta. Ukurasa mzima. Na wa pili. Mimi ni muuguzi, nimekaa na watu wasiopumua. Lakini hao huwa hawaimbi.

Akaniinamia. Niaminini, wimbo uliendelea kumtoka huku ananinong'oneza: "Unaitwa nani, bab?" Ndivyo wazee wa Birmingham wanavyomwita mtu yeyote. Nikamtajia jina langu. Kwa nini? Sijui, mdomo ulitangulia. Akatabasamu, na pale alipokuwa pakabaki ukuta mtupu.

Joan alinikuta koridoni, nilikokimbilia. Nilipomwambia nilikuwa nimesimama wapi, akabadilika rangi.

"Alikuuliza jina?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi sakafuni, mama wa watu, akanishika mkono.

Akanieleza kwamba wakati wa vita, okestra ikiwa bado kwenye ukumbi wa zamani, mwimbaji mmoja wa sauti ya pili alitoka mazoezini, bomu likamkuta njiani. Wenzake wakamwachia nafasi yake. Okestra ikahama ukumbi, waongozaji wakaja na kuondoka, na kwaya ikaendelea kuliacha lile pengo.

"Mimi ndiye ningekuonya," Joan alisema. "Leo nimechelewa."

Sikurudi tena. Naongea vizuri, kama mnavyonisikia, lakini nikijaribu kuimba hakitoki kitu, hata wimbo wa kumbembelezea mtoto. Madaktari wamelichunguza koo langu, wanasema zima.

Juzi nilimpigia mama simu. Nilikuwa peke yangu chumbani, mlango nimefunga. Akanikatiza katikati ya salamu.

"Mwanangu, nani anaimba hapo kwako? Mbona ana sauti yako?"

Kwa hiyo wewe, ukijiunga na kwaya ya watu ukaona pengo ambalo kila mtu analikwepa, nawe likwepe. Usiulize kwanza.