Kinundu cha Waridi la Mama

Mtaa mzima unamwita baba yangu Sentimita, maana ni fundi cherehani asiyeamini kitu mpaka akipime. Hata shimo la waridi la mama alilipima kwa utepe wake wa shingoni, tukacheka mpaka mbavu zikatuuma.

Lilikuwa waridi chotara, la ua moja kubwa kwenye kila bua refu, rangi ya papai lililoiva. Mama alilidekeza kuliko alivyotudekeza sisi. Mwaka jana uvimbe wa tumboni ukamchukua. Daktari alisema, "Mmechelewa," na neno hilo halijamtoka baba kichwani mpaka leo. Waridi ndilo alilobaki nalo. Mambo ya bustani hayajui hata chembe, lakini alimwagilia kila asubuhi na kuokota kila jani lenye madoa.

Jumamosi nilipokwenda kumwona, alinivuta mkono kabla sijaketi.

"Njoo uone, mwanangu. Nililikuta na uvimbe hapa chini, karibu na udongo. Kinundu kikubwa hivi! Nikasema, safari hii hunipati. Nikaazima msumeno kwa seremala, nikakata chini yake kabisa, nikachoma yote."

Kwenye kisiki palikuwa na machipukizi matano yenye afya. Lakini kinundu hicho nilikikumbuka tangu enzi za mama. Nilisingizia kwenda dukani, nikaenda kwenye kitalu alikolinunua mama, nikasimulia yote.

"Dada, kinundu kile si ugonjwa," muuza miche alisema. "Ndipo tulipounganisha miche miwili. Waridi la mama yako lilikuwa juu yake. Chini ni mzizi wa waridi pori, utatoa vijiua vyeupe tu. Alichokata kiko wapi? Pengine tungeokoa kijiti cha kupandikiza."

"Amekichoma moto. Aliogopa kisiambukize mimea mingine."

Muuza miche akatazama chini. "Basi, dada. Pole."

Njia nzima nilipanga maneno, nikayapangua. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia daktari, nikajikasirikia mwenyewe kwa kutokuja mwezi mzima. Nilipofika, alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, utepe mkononi, akicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Hili tumeliwahi," alisema. "Mama yako angeona! Hebu nishikie hapa."

Sikuweza kumwambia. Nilichuchumaa, nikamshikia ncha ya utepe, naye akapima chipukizi refu kuliko yote, akasoma kwa sauti: sentimita kumi na tisa.