Tairi Nililoligeuza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninapopita Mtaa wa Swahili. Wakati ule Kariakoo ilikuwa ya nyumba za chini zenye baraza, na jioni harufu ya vitumbua ilikufikia kabla hujamwona mpishi. Leo maghorofa yameziba jua, nami hupotea kwenye mitaa niliyokulia. Lakini pale nilipogonga ukingo wa mtaro napajua hata nikifumba macho.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naendesha pikapu ya Mzee Athumani, muuza khanga. Hatukuwa na udugu wa damu, ila nilimwita Baba Mkubwa kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kazi. Siku hiyo alinituma nikachukue mzigo wa khanga ghalani, karibu na bandari, na njiani nikaitie upepo spea iliyokuwa imelala. Niliendesha kwa mkono mmoja, mwingine nimeuning'iniza dirishani ili watu wanione. Mkokoteni ukaingia barabarani, nikaukwepa, na gurudumu la mbele likagonga ukingo wa mtaro kwa kishindo.

Mwenye mkokoteni hakuumia. Alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Kaka, huo mkono wa nje nao una kazi. Uingize ndani ukusaidie."

Ringi ilikuwa imepinda, na ubavuni mwa tairi pametoka nundu kama yai. Nikajikongoja mpaka kwa fundi mmoja Gerezani. Aliigonga ringi kwa nyundo mpaka ikakaa sawa, kisha akaibonyeza ile nundu kwa kidole gumba.

"Hili nyuzi za ndani zimekatika. Usilitumie tena."

"Ligeuze," nikamwambia. "Nundu ikae upande wa ndani."

"Ili usiione?"

"Ili mwenye gari asiione."

Akacheka kidogo. "Kugeuza nitageuza, bwana mdogo. Lakini kupasuka litapasuka tu, upande wowote."

Kwa wasiwasi niliokuwa nao, spea nikaisahau kabisa. Mtaani kwetu, aliyepewa gari la mtu hulirudisha limeoshwa. Hiyo ndiyo adabu. Jioni ile niliiosha pikapu kuliko siku zote, hata matairi nikayasugua kwa brashi, na Baba Mkubwa akanisifu mbele ya wapangaji wake. Nikazipokea sifa zile.

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, zikaja habari kwamba mama yake Baba Mkubwa amefariki Bagamoyo, na maziko ni alasiri. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee wa kiume. Kwetu mtoto wa kiume hushuka kaburini, akampokea mama yake na kumlaza. Alitoka dukani na kanzu begani, akaninyooshea mkono nimpe ufunguo.

Mwanangu, muda wa kusema nilikuwa nao. Nilijiambia kwamba mtu aliyefiwa haongezewi mzigo. Nikajiambia tena kwamba Bagamoyo si mbali. Nikampa ufunguo, nikasema, "Pole, Baba Mkubwa." Basi.

Tairi lilipasuka katikati ya safari. Yeye na mkewe walinusurika, gari likaishia majanini, lakini spea haikuwa na upepo, na enzi hizo magari yalikuwa machache katika njia ile. Alifika Bagamoyo juu ya lori la mkaa. Majirani walikuwa wanaosha majembe. Walikuwa wamemsubiri mpaka jua lilipokaribia kuzama. Mama yake alipokewa kaburini na watu wengine.

Aliporudi baada ya matanga aliniita nyuma ya duka. Nilijiandaa kupigwa. Aliuliza jambo moja tu, "Uligonga wapi?"

Nikamweleza yote: mtaro, nundu, fundi, spea. Alisikiliza huku anakunja khanga ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

"Ungeniambia," akasema, "ningepanda basi."

Wiki iliyofuata akanipa ufunguo kama kawaida, na tukafanya kazi pamoja miaka mingi bila yeye kulitaja tena. Mara nyingine nilitamani anigombeze. Sasa hayupo, na pale palipokuwa duka lake wanauza viatu, nami hupita nikatazama mlango kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukigonga ukingo au shimo, hata kidogo, simama ushuke. Tazama tairi pande zote mbili, na upande wa ndani usiofikiwa na macho, pitisha mkono. Ukikuta nundu, liondoe hapo hapo. Usijidanganye kwamba litakufikisha nyumbani. Ringi iliyopinda usiitoe kasoro kwa nyundo ukanyamaza. Halafu mwambie mwenye gari, ukiwa bado na vumbi na hofu yako, kabla hujapata nafasi ya kuosha chochote. Atafoka, pengine atakunyima gari. Hayo yatapita. Lakini ukimficha, unamnyima nafasi ya kuchagua njia nyingine, na mimi najua njia ile moja ilivyomgharimu mtu aliyenipenda.

Mungu akupe ulimi usioogopa kukiri, na akufikishe kwa kila unayemwendea angali anakungoja. Amina.