Fuawe la Karanja

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi, mwanangu, nikimfuata mume wangu kwenye njia ya udongo mwekundu kuelekea Riruta, viatu vyangu vya kanisani nimevishika mkononi visije vikaharibika. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mke mchanga, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana. Mume wangu, marehemu Shikuku, alikuwa ametoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tena maishani. Mtu alikuwa amemnong'oneza kwamba huko Riruta kuna mama anayeuza fuawe.

Nyinyi siku hizi mnanunua kila kitu kikiwa tayari dukani, kwa hiyo nikueleze. Fuawe ni lile pande zito la chuma ambalo mhunzi hulaza juu yake chuma chenye moto, kisha akakiponda kwa nyundo. Upande mmoja lina pembe ya mviringo ya kukunjia vyuma. Bila fuawe, mhunzi ni mtu mwenye nyundo tu. Shikuku alikuwa amefundishwa kazi mjini na Kalasinga mmoja mzee aliyeitwa Pritam, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya River Road. Tulipotoka kwetu magharibi mimi nikapata kazi ya kulea watoto wa Mzungu huko Hurlingham, na yeye akawa na ndoto moja tu, kufungua karakana yake mwenyewe Kawangware. Fuawe jipya hatukuweza hata kulitazama. Kwa hiyo kila tulipopata nafasi tulizunguka kwenye vyuma chakavu, nami nikajifunza kungoja kwa subira huku mume wangu akipiga magoti mbele ya kila pande la kutu kama anayesali.

Pale Riruta tulimkuta mama mwembamba, mtoto mgongoni na wengine wamejishikiza kwenye sketi yake. Aliitwa Mama Njoki. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na wanaume wengi wa Kikuyu walikuwa wamechukuliwa na serikali ya wakoloni wakafungiwa kambini, wake zao wasijue watarudi lini. Mume wake Karanja alikuwa mmoja wao. Alikuwa mhunzi.

Fuawe lilikuwa uani, limeegemea ukuta, mtoto mmoja amelikalia. Karibu yake kulikuwa na jiliwa, lile koleo kubwa la kubana chuma kisisogee, ambalo mafundi wengi huliita vaisi. Lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, limeshikwa na kutu hata mdomo wake haufunguki, na Mama Njoki alikuwa amelifunga kamba ya kuanikia nguo.

Shikuku alimwomba mtoto asimame kidogo. Akatoa mfukoni gololi ya chuma, akaiangusha juu ya fuawe. Iliruka ikarudi karibu na mkono wake, ishara kwamba uso bado ni mgumu. Kisha akachukua nyundo ndogo akaligonga taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ameinamisha sikio. Fuawe lililopasuka ndani hutoa sauti ya sufuria mbovu. Hili lilitoa mlio mwembamba, safi, uliochukua muda kuisha. Nilimwona Mama Njoki amefumba macho. Nadhani alikuwa hajausikia mlio ule tangu mumewe achukuliwe.

Akataja bei. Ilikuwa ndogo, mwanangu, ndogo ya kutia aibu. Nilimfinya Shikuku mgongoni ili alipe haraka tuondoke. Yeye akamwambia, "Mama, fuawe hili ni zima kabisa. Bei unayosema ni ya chuma chakavu."

Mama Njoki alimtazama kama mtu anayedhani anachezewa. Akasema kwamba walikuja wanunuzi wengine kabla yetu, na wote walimwambia chuma hicho kimekufa. "Bwana yangu alikuwa anasema ni nzuri," akaongeza, "lakini mimi nitajuaje?"

"Alikuwa anasema kweli," Shikuku akajibu.

Tulimpa pesa zote tulizokuwa nazo, hata nauli na zile nilizoficha kwenye leso kwa ajili ya mtoto. Kwa kiasi hicho fuawe na jiliwa vilikuwa vimelipwa kwa haki, au karibu na haki. Nilikuwa nimekasirika, sitakuficha. Lakini nilipokuwa naondoka nikamwona yule mtoto aliyekuwa amekalia fuawe, anatetemeka kwa ile baridi ya Riruta, na mikono yangu ikavua sweta na kumvisha kabla ya mimi kuamua. Tulirudi na mkokoteni wa kuazima, Shikuku akivuta, mimi nikisukuma kwa nyuma, na hasira yangu ikaishia njiani.

Jumatatu Shikuku alienda kumwambia Mzee Pritam kwamba ameshapata, na kwamba anataka kuusaga uso wa fuawe mpaka ung'ae, maana ulikuwa na vidonda na kona moja imemeguka. Mzee alifunga karakana yake akaja Kawangware siku iyo hiyo. Akaupapasa ule uso kwa kiganja. Kisha akamkemea mume wangu mbele yangu, kwa sauti ya chini.

"Hapana saga," akasema. "Ile ngumu iko juu tu, kama ngozi. Wewe nasaga leo, napata laini kesho. Huyu mtu natumia miaka mingi. Wewe toa kutu, acha kazi yake."

Basi tukaacha. Tuliondoa kutu kwa brashi ya waya, tukalipaka mafuta, tukalikalisha juu ya gogo la mti mgumu. Ile kona iliyomeguka ikabaki vile vile. Jiliwa ndilo lililotusumbua. Shikuku alitaka kulifungua kwa nyundo, lakini Mzee Pritam alikuwa amemwonya kwamba chuma cha aina ile hukatika ghafla na hakiungiki. Tukawa tunalimwagia mafuta ya taa asubuhi, tunalipasha joto taratibu, tunaligonga kidogo, tunaliacha. Kila siku hivyo. Nilikuwa nimeshalichukulia kuwa pambo la nyumba, mpaka asubuhi moja nikiwa nasonga ugali nikasikia Shikuku anacheka peke yake huko nje. Skrubu ilikuwa imezunguka.

Karakana ikaanza. Mimi niliacha kazi ya Hurlingham mtoto alipozaliwa, nikawa ndiye wa kuvuta mivukuto ya kupulizia makaa, mtoto mgongoni amelala katikati ya kelele zile. Tulitengeneza majembe, bawaba za milango, mapanga. Hatukutajirika, lakini tulikula.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inakaribia kuisha, waliofungwa wakaanza kurudi mmoja mmoja. Asubuhi moja niliona mtu mwembamba ndani ya koti kubwa kuliko mwili wake, amesimama ng'ambo ya barabara, anatutazama. Alisimama muda mrefu. Hatimaye akavuka, akasalimu, akasema anaitwa Karanja wa Riruta.

Shikuku alisimama na chuma chenye moto kwenye koleo, asijue la kufanya. Mimi mkono wangu uliacha mivukuto. Nilichokiona mbele yangu ni sufuria tupu na mtoto anayelia.

"Endelea," Karanja akasema. "Chuma kitapoa."

Shikuku akamalizia kazi yake, mapigo yakiwa hayana mpangilio. Kisha Karanja akaomba aliguse fuawe. Alipitisha kiganja juu ya uso wa fuawe kama alivyofanya Mzee Pritam, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile kona iliyomeguka, kikatulia pale. Akatwambia aliimega yeye mwenyewe akiwa kijana, siku aliyopata habari kwamba baba yake Mama Njoki amekubali posa.

"Sikuja kulidai," akasema. "Mama Njoki aliniambia watu wote walimdanganya, isipokuwa mmoja. Nilitaka kuuona uso wa huyo mmoja."

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Alimpa nyundo. Karanja akapiga mara chache, halafu akaishusha, anahema. Kambi ilikuwa imekula mikono yake. Aligeuka akajifuta uso kwa mkono wa koti, nasi tukajifanya tunashughulika na makaa.

Jioni, tukiwa tunakula, Shikuku akaniambia anataka kumrudishia fuawe lake. Nilimuuliza tutakula nini. Nikamkumbusha kwamba tulilinunua mchana kweupe, kwa jasho letu, na kwamba nilibaki bila sweta msimu mzima wa baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni letu," akasema. "Hakuna anayebisha. Kama lingekuwa la wizi ningelificha. Kwa sababu ni letu, naweza kulitoa."

Nikakusanya sahani kwa kishindo. Lakini Karanja aliporudi, mimi ndiye niliyemwekea kiti.

Tukakubaliana wafanye kazi pamoja mpaka lipatikane fuawe lingine. Shikuku alikuwa na nguvu, Karanja alikuwa na jicho. Mmoja alishika, mwingine akaponda, na taratibu mikono ya Karanja ikaanza kukumbuka. Mama Njoki alikuja Jumamosi na viazi vitamu, tukakaa naye kwenye jua nikimsuka, watoto wetu wakigombania gololi.

Lingine likapatikana kwa Mzee Pritam mwenyewe. Lilikuwa limelala uani kwake, la zamani sana, pembe yake imevunjika, akilitumia kuzuia lango lisifungwe na upepo. Alituambia tulichukue kabla hajabadili mawazo. Tulilisugua wote wanne, mimi na Mama Njoki tukiwa na brashi za waya, mpaka tukafanana na watu waliotoka kwenye kifusi. Shikuku alilipiga, akasikiliza, akatabasamu. Kisha akaenda akalifungua fuawe la Karanja kwenye gogo, akaanza kulipakia mkokotenini.

Karanja alibishana naye. Alitaka kuchukua lile bovu. Shikuku akaendelea kukaza kamba. Mwishowe Karanja akasema jiliwa litabaki kwetu, na kwa hilo hataki mjadala, kwa maana sisi ndio tuliolifungua.

Mume wangu alifanya kazi juu ya fuawe lisilo na pembe mpaka uzee ulipomkataza. Kila chuma cha kukunjwa alikipeleka Riruta, akakaa huko kutwa nzima akirudi na harufu ya chai ya Mama Njoki. Karanja alipofariki, Shikuku alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Shikuku alipofariki, watoto wa Karanja walibeba lake.

Kwa hiyo, mwanangu, nikuambie ninachotaka ushike. Katika maisha yako utakutana na watu ambao shida imewalazimisha kuuza. Wengine hawatajua thamani ya walicho nacho, na wewe utajua. Hakuna atakayekuona, na mwenzi wako anaweza hata kukufinya mgongoni. Nunua kama mtu anayejua kwamba mwenye mali yuko njiani anarudi. Ukweli ule wa Shikuku ulituondolea akiba yetu yote siku ile, na nilimnunia. Lakini siku Karanja alipovuka barabara, mume wangu hakuwa na haja ya kuinamisha macho. Na kitu kilichochakazwa na kazi ya mwenzako, usikimbilie kukisaga king'ae. Kiheshimu kwanza.

Sogea karibu nikushike kichwa. Mungu akupe kazi ya mikono na nguvu za kuimaliza. Akupe mwenzi mwenye ulimi wa kweli hata pale utakapotamani anyamaze. Nyumba yako isikose moto, na yeyote atakayekuja mlangoni pako akitokea mbali, umtazame usoni kwa furaha, umwekee kiti.