Anayefungwa Anapisha

Juu ya mlango wa banda la gemu la Mwaisha, pale Mwembesongo, Morogoro, palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu iliyochuruzika kabla haijakauka: ASIYECHEZA HAKAI. ANAYEFUNGWA ANAPISHA. Jina la banda halikuandikwa, wala saa za kufungua. Mpita njia hakuhitaji kuambiwa. Alisikia kwanza kelele, kisha akaliona banda.

"Kipa wako yuko Dumila anauza nyanya! Golini kamwachia nani?"

"Nyamaza wewe! Jana umefungwa mpaka ukasahau njia ya kwenu!"

Agustino alikuwa amepanga chumba nyuma ya banda hilo, na ukuta wa chumba chake ulipitisha kila neno. Mwanzoni kelele zilimkera. Baadaye akajikuta anazisubiri. Zilikuwa zikianza mchana, na kabla hazijaanza alikaa kitandani na redio yake, akasikiliza taarifa ya habari, matangazo ya vifo, bei za mazao, kisha akaizima kwa sababu redio huongea tu, haikuulizi kitu. Kule ng'ambo ya ukuta watu walitukanana kwa mapenzi, na kila tusi lilikuwa na mwenyewe.

Alikuwa dereva kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliendesha malori ya kampuni ya umma ya usafirishaji kutoka Morogoro kwenda Dodoma na kurudi, enzi ambazo lori moja likiharibika Dumila, madereva wa yale mengine yote walisimama kusaidia. Siku hizo, mkikaa kunywa chai kando ya barabara, swali la kwanza lilikuwa: wewe mtu wa wapi? Kampuni ilipouzwa, malori yakapata wenyewe wapya na wenyewe wapya wakaja na madereva wao. Agustino akapanda mlimani Mgeta, kwa mkewe Cecilia, akawa mkulima wa karoti na kabichi.

Lakini shamba la Mgeta halikuwa lake. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama; lile lilikuwa shamba la lukolo la Cecilia, yaani ukoo wake, na watoto aliozaa naye walikuwa watoto wa lukolo hilohilo. Cecilia alipofariki, tanga likaisha, mjomba wa marehemu alimwita Agustino pembeni, akamshukuru kwa yote, akamwuliza kwa upole mipango yake. Hakuna aliyemfukuza. Binti yake Josephina alilia. Lakini yeye alikuwa wa pale, na baba yake hakuwa wa pale. Angeweza kwenda kwa dada zake, ambako wapwa walikuwa wameshajaza kila kipande cha ardhi. Akashuka mjini na sanduku moja.

Basi siku moja mvua ya masika ilipomkuta barabarani, alikimbilia chini ya paa la banda la Mwaisha. Paa lilivuja. Akaingia ndani.

"Shikamoo mzee," wakasema vijana wote kwa pamoja, na mmoja akainuka upesi kumpisha.

"Marahaba wanangu. Endeleeni, endeleeni."

Waliendelea, lakini sauti zilikuwa zimeshuka. Yunusi, fundi baiskeli aliyejulikana mtaa mzima kwa mdomo wake, alifunga goli akasema tu, "Limeingia." Aliyefungwa akajibu, "Ni kweli."

Mwaisha, mwenye banda, ambaye vijana walimwita Mama Gemu, alimwangalia mgeni kutoka kwenye kiti chake karibu na swichi. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye lafudhi ya Dar es Salaam, na sheria yake haikujua mvua.

"Mzee, karibu. Ila hapa asiyecheza hakai. Utacheza nini?"

Agustino hakuwa amefikiria. "Kuna nini na nini?"

"Njoo kesho asubuhi, wakati hakuna watu. Tutakutafutia gemu yako."

Kabla ya gemu, Mwaisha aliuza viatu vya mtumba sokoni, na imani ya biashara ile hakuiacha. "Kiatu cha mtumba hakichaguliwi kwa macho," alimwambia Agustino kesho yake, akimpa pedi, kile kidude cha vitufe ambacho mchezaji hushika kwa mikono miwili. "Ingiza mguu, tembea. Kikibana, vua. Wapo wanaoona aibu kuvua, wanaondoka na malengelenge."

Akamwekea kwanza gemu ya kupigana. Mpinzani wake kwenye televisheni alikuwa msichana wa suruali nyekundu, mwenye teke la hatari. Agustino alisimama bila kufanya lolote mpaka akaanguka chini.

"Mbona hupigi?"

"Sijawahi kumpiga mwanamke, mama. Nianze uzeeni?"

Akamwekea ya bunduki. Kila mlipuko ulipotokea alifumba macho, na alipofumbua alikuwa ameshakufa. Akamwekea ya kijitu kinachoruka mashimo. Kidole chake gumba kilichelewa kila mara. Kijitu kiliingia shimoni na muziki ukalia wimbo uleule wa huzuni, mpaka Mwaisha mwenyewe akaona vibaya akaupunguza sauti.

Ya magari ndiyo waliyoitegemea. Agustino alikaa wima, akarekebisha miwani. Taa za kuanzia zikawaka, magari mengine yakaondoka kama mishale. La kwake likaondoka taratibu, likashika kushoto, likapunguza mwendo kabla ya kona.

"Mzee, unamsubiri nani?"

"Kona hii huoni mbele."

"Mbele hakuna kitu! Ni gemu!"

"Ndivyo walivyosema wenzangu wengi." Akatazama vitufe. "Honi iko wapi?"

"Haina honi."

"Gari lisilo na honi," alisema Agustino akiweka pedi chini, "mimi sipandi."

Ulibaki mpira wa miguu, na mpira ukamkaa. Haukuhitaji haraka sana; mtu aliweza kugusa mpira, akamtafuta mwenzake, akampa, akasubiri. Timu yenye jezi za bluu ikawa yake. Alicheza na mashine asubuhi kadhaa, akafungwa, akatoka sare, hatimaye akashinda. Mwaisha akapiga makofi. "Hiki kimekuenea, mzee. Njoo mchana na wenzako."

Akaja mchana. Shikamoo zikapita kama kawaida, kisha akapewa pedi, akacheza na kijana mmoja, akashinda. Akaja wa pili, akashinda. Akaja Yunusi mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amemfunga tangu banda lifunguliwe. Agustino akamfunga.

Wiki ile alinyoa ndevu kila siku. Alipiga pasi shati. Sheria ya banda ilimlinda: anayefungwa anapisha, na yeye hakufungwa, basi alikaa kwenye benchi mchana kutwa, katikati ya watu, bega kwa bega. Alipanga hata kumwandikia Josephina kwamba mjini amepata shughuli na wenzake.

Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Alichokuwa amekifuata ndani ya banda hakikuwa goli. Zilikuwa zile kelele, na kelele hazikuwapo. Alipofunga walisema, "Hongera mzee." Alipokosa walisema, "Bahati mbaya mzee." Jioni alipoaga na kuingia chumbani kwake, hapo ndipo ukuta ulipoanza kusema. "Umeliwa! Umeliwa mchana kweupe!" Alikaa kitandani na kofia kichwani, akisikiliza banda alilotoka dakika chache kabla, kana kwamba lilikuwa banda jingine, la mji mwingine.

Dereva mzuri huisikia injini inapodanganya. Ijumaa ile, baada ya vijana wengine kurudi kutoka msikitini, Agustino alikaa tena na Yunusi. Kabla ya mapumziko alifunga goli moja. Kipindi cha pili kilipoanza aliishusha pedi pajani na kuondoa vidole vyote.

Wachezaji wake wakasimama uwanjani kama nguzo za simu. Yunusi akachukua mpira, akapita katikati yao, akafika mbele ya goli, akapiga nje. Akapata tena. Akapiga juu. Akazunguka na mpira, akaurudisha kwa kipa wake, akauleta tena mpaka miguuni pa kipa wa Agustino, akampa kama anayempelekea chai. Mwaisha alitazama mikono ya mzee, akatazama televisheni.

Filimbi ikalia. Moja bila.

"Hongera mzee," alisema Yunusi.

"Tangu mapumziko sijagusa kitu, mwanangu."

Yunusi aliinamisha kichwa. "Mzee, sasa... nitakufungaje wewe? Wewe ni sawa na baba yangu. Hapa mtu akifungwa anatukanwa. Nikutukane?"

Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililouma zaidi. Wote walikuwa wamefanya kama walivyofunzwa nyumbani. Agustino alisimama, akamkabidhi aliyekuwa karibu pedi, akasema ahsante, akatoka. Kofia yake ilibaki kwenye benchi.

Hakurudi. Mvua ilipiga bati, mawingu yakaufunika mlima mpaka usingejua kuwa mji una mlima. Mchana redio, jioni ukuta. Aliacha kunyoa. Barua ya Josephina hakuiandika, maana angeandika nini? Alipopita mbele ya banda alipita upande wa pili wa barabara, na shikamoo zilimfikia hata huko.

Asubuhi moja Mwaisha alibisha hodi akiwa ameshika kofia.

"Umenikimbia, mzee. Deni huna, ugomvi hatuna."

"Karibu, mama. Kiti ni hicho kimoja, kalia wewe."

Akakaa, akatazama chumba: kitanda, redio, picha ya mwanamke amesimama kwenye matuta ya karoti, nyuma yake miteremko ya kijani. "Huyu mkeo? Hapa ni wapi?"

"Mgeta. Shamba la lukolo lake. Alipofariki nikashuka."

Mwaisha aligeuka polepole. "Lukolo? Wewe Mluguru?"

"Mluguru."

"Wiki zote hizi! Unaingia kwangu, unatoka, nakuita mzee, nakuamkia kwa adabu kama mjinga. Kumbe Mluguru!" Akajipiga paja. "Unajua mimi nani?"

"Si mtu wa Dar?"

"Dar nimekulia. Baba Mnyamwezi, mama Mnyamwezi, Tabora!"

Agustino aliinuka kitandani. Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Hawaoneani haya, hawawezi kukasirikiana, na hata msibani mmoja huruhusiwa kumcheka maiti wa mwenzake. Kwa miaka mingi alikuwa hajakutana na mtani wake uso kwa uso. Mjini hakuna tena aliyeuliza mtu ni wa wapi.

"Babu zako," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, "walipita kwetu na mizigo ya pembe, wakalala usiku mmoja, asubuhi kuku hawakuonekana."

"Kuku gani? Mlikuwa na kuku ninyi? Mlikuwa mmekwama juu ya mlima, mnaogopa kushuka, mpaka Mnyamwezi akawaonyesha njia!" Akamtupia kofia usoni. "Leo mchana uje. Nitakufunga mpaka umwite mjomba wako."

Mchana alikuja. Vijana wakainuka, "Shikamoo mzee," sauti zikashuka. Mwaisha aliacha kiti chake cha karibu na swichi, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, akakaa kwenye benchi, akashika pedi ya pili.

Goli la kwanza liliingia kabla Agustino hajakaa vizuri.

"Moja! Ulikuwa unatafuta honi?"

Vijana waliangaliana. Yunusi akasema chinichini, "Mama Gemu, mzee huyo."

"Mzee wako. Kwangu mtani, Mluguru huyu! Mbili! Tazameni beki yake, inatembea kama mtu aliyebeba kabichi kichwani!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo.

"Cheka!" alisema Agustino bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Mcheke huyu mwizi wa kuku, anacheza mpira kwa mikono ya kubebea mizigo."

Hapo wakacheka wote. La tatu likaingia, la nne, na Agustino alijaribu kweli, alipiga mashuti, jasho lilimtoka, akapata moja la kufutia machozi na Mwaisha akadai kwamba alimwachia. Hakumwachia. Filimbi ilipolia banda lilikuwa linatetemeka.

"Haya, soma ukutani!" Mwaisha alimwonyesha mlango. "Anayefungwa anapisha. Toka, Mluguru, panda mlima wako!"

Agustino aliweka pedi, akavaa kofia, akatoka. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na waliokuwa wanasubiri zamu walijipanga chini ya paa. Kijana wa mwisho alimwona, akasogea. "Shikamoo mzee. Pita mbele."

"Marahaba. Hapana, baki. Nimefungwa."

Kijana alirudi mahali pake. Akatazama barabara. Wakasimama hivyo, pamoja lakini kila mmoja na lake, maji yakidondoka kwenye tundu la bati katikati yao. Yunusi na wenzake wasingeweza kamwe kumtania; wasingezaliwa upya Wanyamwezi kwa ajili yake. Alikuwa na mtani mmoja tu katika mji mzima, na huyo alikuwa na banda la kuendesha.

Ndani, sauti ya Mwaisha ikapanda juu ya nyingine zote, ikieleza jinsi mabeki wa Mluguru walivyotembea, na watu wakacheka upya. Agustino alisogea karibu na mlango ili asikie vizuri, akisubiri zamu yake.